Biashara ya Umeme wa Jua Nchini Kenya

Msomaji, katika mwezi wa Aprili mwaka 1954 yalitokea mambo mawili yaliyopishana kwa siku nne tu, na machoni pa watu wa wakati ule hayakuhusiana hata kidogo. Tarehe 25, huko New Jersey katika Marekani, wataalamu watatu wa maabara ya Bell, yaani Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walionyeshwa pamoja na kazi yao: vipande vya silikoni ambavyo vikipigwa na nuru hutoa umeme. Tarehe 29, huko Jinja katika Uganda, Malkia Elizabeth wa Uingereza alifungua bwawa la Owen Falls, ambalo umeme wake ulikusudiwa kuangaza Uganda na kuvuka mpaka kuingia Kenya. Bwawa lilikuwa kazi kubwa ya zege na maji yangurumayo. Vile vipande vya silikoni vilizungusha kitu cha kuchezea watoto, na katika kila sehemu mia za nguvu ya jua iliyovipiga vilitoa umeme wa sehemu sita tu. Kama ungeulizwa siku ile ni kipi kati ya viwili hivyo kitakachoingiza taa katika nyumba ya mkulima wa Meru au ya mchungaji wa Kajiado, bila shaka ungelitaja bwawa.

Yafaa kwanza tuifuate njia ya nyaya, kwa sababu biashara ya umeme wa jua ilizaliwa pale nyaya zilipokoma. Mwaka 1875 Seyyid Barghash wa Unguja alijipatia mtambo wa umeme ili kuangaza jumba lake na njia za jirani. Mwaka 1908 mtambo huo ulinunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na kutokana nao ikaundwa kampuni ya kuwauzia umeme watu wa mji ule. Nairobi nayo ilianza kupata kampuni yake katika mwaka huo huo. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1922 zikaitwa East African Power and Lighting Company, na mwaka 1983 jina likabadilishwa kuwa Kenya Power and Lighting Company. Mwaka 1954 iliundwa kampuni nyingine ya kuleta umeme wa Uganda kwa waya kutoka Tororo mpaka Nairobi.

Kampuni ya namna hii humfuata mnunuzi. Nguzo ni gharama, waya ni gharama, transfoma ni gharama. Na katika nchi ya milima na mabonde ambako kila mtu amejenga katikati ya shamba lake, jirani yaweza kuwa mwendo wa robo saa. Mwenye nyumba hiyo atawasha taa mbili jioni kisha alale. Je, atalipa nini cha kuirudisha gharama ya nguzo? Basi nyaya zilikwenda mijini, viwandani na katika mashamba makubwa, zikapita juu ya vichwa vya watu wengi bila kuteremka. Serikali huru ilianzisha mpango wa kupeleka umeme mashambani mwaka 1973, walakini hata katika miaka ya 1990 nyumba za mashambani zilizokuwa na umeme wa nyaya hazikufika tano katika kila mia. Nyingine zote zilitumia mafuta ya taa: mwenye nafasi alikuwa na taa ya chimni au karabai, na asiye na nafasi alikuwa na koroboi, ule mkebe wenye utambi utoao moshi mwingi kuliko nuru.

Sasa turudi kwenye silikoni. Tangu 1958 vipande vile vilipata kazi angani, kwa kuwa chombo kizungukacho dunia hakiwezi kutiwa mafuta. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipopanda ghafula, mataifa makubwa yalianza kuuliza kama jua laweza kutumika hapa chini pia. Jibu lilikuwa kwamba laweza, ila kwa bei ya kutisha. Mwaka 1977 paneli ya wati moja iliuzwa kwa dola 76 hivi. Hapa Afrika ya Mashariki wanunuzi wa kwanza walikuwa wale wasioweza kuhesabu gharama kama wewe na mimi: vituo vya kupokezana mawimbi ya simu vilivyo juu ya vilima, misheni za mbali, na zahanati zilizotaka friji ya kuhifadhia chanjo. Hiyo haikuwa biashara bado. Mnunuzi alikuwa serikali au mfadhili, na mtumiaji hakuulizwa lolote.

Biashara yenyewe yaweza kutajiwa mahali na mwaka: Meru, 1984. Katika shule ya harambee ya Karamugi alikuwako mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, Mark Hankins. Alikutana na Mmarekani mwenzake, mhandisi Harold Burris, aliyekuwa ameanzisha kampuni ndogo iliyoitwa Solar Shamba. Shule ilihitaji taa za kusomea usiku, na shule za namna hiyo kwa kawaida zilinunua jenereta ya dizeli. Paneli zikawekwa badala yake. Kisha kazi ikapelekwa katika shule nyingine, na mafundi wenyeji wakafundishwa jinsi ya kupima waya, kufunga paneli ikielekea jua, na kuzuia betri isinyonywe mpaka kufa. Nakuomba, msomaji, ulitie maanani jambo la mafundi hao kuliko lile la Wamarekani wawili. Wageni huja na kuondoka. Fundi aliyejifunza Meru alibaki Meru, na jirani aliyeiona shule ikiwaka alijua ni mlango wa nani wa kubisha hodi.

Lakini kilichomfanya jirani abishe hodi hakikuwa taa, kilikuwa televisheni. Wakati huo watu wengi wa mashambani walikwisha kununua televisheni ndogo zisizo na rangi, za volti 12, wakiziendesha kwa betri ya gari. Betri ikiisha nguvu hubebwa kwa baiskeli, kwa punda au juu ya paa la matatu mpaka mjini, huachwa siku nzima ikitiwa moto, kisha hurudishwa. Ni mzigo mzito, asidi yake hutoboa nguo, na daima huisha nguvu usiku wa mpira. Mtu wa namna hii hakuhitaji kuhubiriwa habari za nishati ya kesho. Aliambiwa kwamba kibao hiki ukikiweka juu ya bati kitaitia betri yako moto hapo hapo nyumbani, akafahamu mara moja. Betri zilikuwa zikitengenezwa hapa hapa Nairobi. Waya, taa na swichi zilikuwa madukani. Kilichotoka ng'ambo kilikuwa ni paneli tu. Kisha zikaletwa paneli za silikoni isiyo ya fuwele, ndogo za wati 12 au 14, ambazo mtu angeweza kuzifunga kwenye baiskeli akaenda nazo kwake. Zilikuwa duni kwa nguvu kuliko zile za fuwele, ila bei yake ilikuwa ya mwalimu wa shule ya msingi, mwenye duka sokoni, au mkulima wa chai. Huyu wa mwisho alikuwa mteja mwema sana, kwa maana chai humlipa mkulima kidogo kidogo kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka, na bonasi hiyo ndiyo fedha inunuayo mabati, ng'ombe wa maziwa, na kitu kama hiki.

Yakadiriwa kwamba kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nyumba zaidi ya 100,000 zilikuwa na paneli, nazo zikapita 200,000 katikati ya mwongo uliofuata. Wataalamu wa mataifa walikuja kuitazama Kenya kwa mshangao, kwani nchi nyingine zilikuwa zikigawa paneli kwa fedha za msaada, na hapa watu walizinunua kwa fedha zao wenyewe. Mwaka 1998 shirika moja la Benki ya Dunia lilitenga fedha za kukuza biashara hii katika India, Morocco na Kenya, sehemu ya Kenya ikiwa dola milioni 5. Fedha hizo zilikwenda polepole mno, maana zilitaka kupitia kwa makampuni makubwa na benki, na biashara yenyewe ilikuwa mikononi mwa wenye maduka ya redio.

Hata hivyo soko lisilo na mlinzi lina hila zake. Paneli haina kelele wala moshi. Ikiwa imeandikwa wati 14 nyuma yake, mkulima ana njia gani ya kujua kama ni 14 kweli au 7? Mwaka 1999 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley walizipima paneli ndogo zilizokuwa zikiuzwa nchini. Waligundua kwamba chapa nyingi zilitoa karibu na kile zilichoahidi, lakini chapa moja ilikuwa chini sana. Waliohasirika hawakuwa wanunuzi wa chapa hiyo peke yao, kwa kuwa nyumba moja ikiwa na paneli isiyofanya kazi hutosha kulitia kijiji kizima shaka, na muuzaji mwaminifu akapoteza wateja kwa dhambi ya mwenziwe. Viwango vya ubora viliwekwa baadaye, na mwaka 2012 zikatoka kanuni zilizomtaka kila fundi wa umeme wa jua awe na leseni. Twaweza kusema kwamba zilichelewa: soko lilikuwa na umri wa karibu miaka 30.

Tena lipo swali la nani alifaidika. Mtafiti Arne Jacobson, ambaye maandishi yake juu ya jambo hili yalitolewa mwaka 2007, alionyesha kwamba paneli za miaka ile zilikwenda hasa kwa watu wa hali ya kati wa mashambani, na kwamba televisheni, redio na simu zilishindana na taa ya mtoto anayesoma. Fikiri, msomaji, juu ya betri moja ndogo jioni: taarifa ya habari imeanza sebuleni, na katika chumba cha pili kuna kitabu cha hesabu. Umeme hautoshi vyote viwili. Ni nani atakayezimiwa? Huenda jibu walijua kwa kuliona.

Maskini wenyewe walisubiri mambo matatu yaliyokutana karibu wakati mmoja. La kwanza ni taa za LED, zitoazo nuru nyingi kwa umeme kidogo, hata paneli ya wati 8 ikatosha mahali palipotaka 20. La pili ni kuanguka kwa bei ya paneli, hasa baada ya China kujenga viwanda vikubwa. Wati moja iliyokuwa dola 76 leo haifiki hata nusu dola. La tatu ni letu wenyewe. Mwezi wa Machi mwaka 2007 M-Pesa ilianza, na mtu akaweza kulipa shilingi 50 kwa simu akiwa shambani. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mitambo kwa mkopo: kisanduku chenye betri kina kadi ya simu ndani yake, ukilipa ya leo, kinapata habari na kuwaka, usipolipa, kinajifunga. Wengine wakafuata njia hiyo hiyo.

Tupige hesabu kidogo, kwa kuwa historia isiyo na hesabu hudanganya. Katika mpango mmoja uliojulikana sana wa miaka ile, mteja alitoa arubuni ya shilingi 3,000 hivi, kisha shilingi 50 kila siku kwa mwaka mmoja. Mara 365, hizo ni shilingi 18,250. Na arubuni, zapita 21,000. Paneli ilikuwa ya wati 8. Tukisema jua kali ni saa 5 kwa siku, hutoa wati-saa 40, maana yake siku 25 kupata yuniti moja ya umeme, na mwaka mzima haupati 15. Mtu wa mjini angenunua yuniti 15 kwa fedha ya chakula cha siku moja au mbili. Je, mnunuzi huyo alipunjwa? Si haki kusema hivyo kwa haraka, maana fedha ile ilinunua pia taa, redio na kichaji cha simu, na baada ya mwaka kila kitu kilikuwa chake. Zaidi ya hayo, hakuwa akichagua kati ya paneli na waya, waya haukuwako. Alichagua kati ya paneli na koroboi, na mafuta ya taa yalimla shilingi kila jioni bila kumwachia kitu ila masizi. Hata hivyo yabaki kweli kwamba mwenye kipato kidogo kabisa ndiye aliyelipa bei kubwa kabisa kwa kila yuniti, na kwamba siku mtoto alipougua na shilingi 50 zikaenda dawani, taa ilizimwa na mtu aliye mbali.

Sensa ya mwaka 2019 yatuonyesha mahali tulipofika. Nyumba 50 katika kila mia ziliangazwa kwa umeme wa nyaya, na 19 kwa umeme wa jua. Ukumbuke kwamba nyaya nazo hazikulala: mwaka 2015 ada ya kuunganishwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, nayo iliweza kulipwa kidogo kidogo. Serikali kwa upande wake imekuwa kama mtu asiyejua kama ampende mgeni au amfukuze. Kodi ya thamani ilitozwa kwa vyombo vya jua mwaka 2013, ikaondolewa 2014. Ikarudishwa 2020, ikaondolewa tena 2021. Mwenye duka anayeagiza bidhaa miezi kadhaa kabla hawezi kupanga bei kwa namna hiyo.

Wakati huo huo jua liliingia katika nyaya zenyewe. Mwezi wa Desemba mwaka 2019 kituo cha Garissa kilifunguliwa rasmi, chenye paneli zaidi ya 200,000 na uwezo wa megawati 50, kikijengwa kwa mkopo wa China. Vikafuata vingine viwili katika Uasin Gishu, yaani Selenkei na Cedate, kisha Malindi, kisha Kesses, kila kimoja megawati 40. Vyote pamoja ni megawati 210. Si haba, lakini mwanzoni mwa 2025 nchi ilivuta zaidi ya megawati 2,300 katika saa ya mahitaji makubwa. Na hapa twafika kwenye kikwazo ambacho hakuna bei ya paneli iwezayo kukiondoa. Sisi tuko juu ya Ikweta. Jua letu huzama saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima, pasipo kuchelewa. Wakenya wengi huwasha taa, televisheni na pasi kati ya saa moja na saa tatu usiku. Garissa wakati huo imelala.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba biashara hii itakua, muulize itakua saa ngapi. Mchana peke yake nafasi si kubwa sana, maana mvuke wa Olkaria huwaka usiku na mchana, na upepo wa Turkana upo. Mimi naona ukuaji wa kweli utatoka katika kuuhifadhi umeme. Betri za lithi zinapungua bei kama paneli zilivyopungua. Na mito yetu yaweza kuwa betri pia, kwani yakiwa mabwawa ya Tana yanapumzishwa mchana jua likifanya kazi, maji yale yale hubaki kuendesha mitambo usiku. Katika miaka ya ukame hilo lingefaa sana.

Palipokuwa na haraka zaidi ni juu ya mapaa. Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka kilowati 600 mwaka 2014, kisha viwanda vya chai, mashamba ya maua, maduka makubwa na hospitali vikafuata. Kila mmoja alipiga hesabu ya bili yake, akakumbuka na usiku taifa zima lilipozimika, kama ilivyokuwa Agosti 2023. Paneli za namna hii zimeshapita megawati 200, yaani zinakaribiana na vile vituo vikubwa vyote vitano. Humlaumu mwenye kiwanda. Lakini fikiri: nguzo, nyaya na madeni ya mabwawa havipungui kwa sababu yeye amepunguza kununua. Gharama ile ile hugawanywa kwa wateja waliobaki, ambao wengi wao ni wa taa mbili na redio; bili yao ikipanda, mwenye uwezo mwingine naye huhama. Kaskazini hali ni nyingine kabisa. Mpango wa KOSAP, uliopata dola milioni 150 za Benki ya Dunia mwaka 2017, ulilenga kaunti 14 kama Turkana, Mandera na Tana River, ambako mji na mji hutenganishwa na safari ya siku. Huko swali la kuhama halipo, kwa kuwa hakuna waya wa kuhamwa.

Kati ya hali hizo mbili zimewekwa kanuni za mwaka 2024. Mwenye paneli zisizozidi megawati 1 aweza kuupeleka katika nyaya umeme uliomzidi mchana, na nusu ya yuniti hizo huhesabiwa kama akiba yake dhidi ya zile atakazovuta usiku. Fedha hapewi. Wenye mapaa waiona nusu hiyo ni ndogo. Mimi naiona ni haki ya kuanzia, kwa kuwa waya unaochukua umeme wake mchana na kumrudishia usiku umejengwa na unatunzwa kwa malipo ya wateja wote, pamoja na yule wa taa mbili ambaye nyumba yake ni ya kupanga na hana hata bati la kuwekea paneli.